Risasi Huulizwa Nini? Juu ya Majaribio ya Risasi za Gobore katika Mafunzo ya Vijana



Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka katika mtutu wa bunduki, na risasi ni yale madini ya kijivu, mazito na laini, ambayo fundi huyayeyusha juu ya jiko. Kiingereza kina maneno mawili, kwa hiyo msemaji wake aweza kukitaja kimoja na kukisahau kingine. Sisi hatuna nafasi hiyo. Makala haya yahusu risasi kwa maana zote mbili, na mahali zinapokutana katika mkono wa mtoto.

Nchini Marekani ziko programu nyingi zinazowafundisha vijana kulenga shabaha. Mojawapo iliyo kubwa ni ya 4-H, chama cha vijana kinachoendeshwa kupitia vyuo vikuu vya majimbo, chini ya huduma za ugani zilizowekwa na sheria ya mwaka 1914. Msomaji wa Kenya atavikumbuka vilabu vya 4-K vya shuleni, vilivyoanzishwa kwa kuiga mfano huo huo: bustani ya sukumawiki, sungura na kuku. Huko kwenye asili yake, pamoja na ndama na mahindi, kuna matawi ya upinde, ya bunduki za kisasa, ya bastola, na la gobore. Skauti nao wana nishani ya ufundi wa bunduki ambayo kijana aweza kuipata kwa njia tatu, na mojawapo ni gobore. Tena kipo chama cha kitaifa cha wapenzi wa magobore, kilichoundwa mwaka 1933, chenye uwanja wake katika kijiji cha Friendship, jimbo la Indiana.

Mtu atauliza, hayo yatuhusu nini? Yatuhusu kwa kuwa watoto wetu wako huko. Familia za Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, wengi wao wakimbizi, zimehamia katika miji na mashamba ya katikati ya Marekani. Mtoto hujiunga na chama ili apate marafiki. Siku moja hurudi nyumbani na fomu ya idhini iliyoandikwa kwa Kiingereza cha sheria, na mama ambaye aliikimbia milio ya bunduki kule Kivu huitia sahihi kwa sababu imetoka kwa mwalimu, na kwetu mwalimu huaminiwa. Hajui ni bunduki ya namna gani, wala ni risasi gani, wala ni nani aliyeichagua.

Sitaki kuwaonea wanaoendesha mafunzo haya. Gobore lina somo ndani yake. Baruti, ile ya kale ya shura, makaa na kiberiti, hupimwa katika kipimo kwanza ndipo imiminwe mtutuni. Haimiminwi kamwe moja kwa moja kutoka katika pembe, maana cheche iliyobaki chini ya mtutu yaweza kuilipua pembe nzima mkononi. Kisha huja kitambaa kilichopakwa mafuta, juu yake gololi ya risasi, na vyote husukumwa kwa mdeki hadi gololi ikae juu ya baruti yenyewe. Ikiachwa nafasi kati yake na baruti, mtutu waweza kupasuka. Fataki huwekwa mwisho kabisa, kijana akiwa amekwisha kuielekea shabaha na amri imetolewa. Halafu ni mlio mmoja na moshi mwingi, na kazi yote huanza upya. Mtoto asiyeweza kungoja hujifunza kungoja. Nayaeleza haya kwa kirefu ili asije mtu akasema kwamba padre anapinga asichokijua.

Ugomvi wangu uko kwenye majaribio. Watu wazima wanaoziandaa bunduki za vijana hupenda kujaribu maumbo ya risasi: gololi ya kale, risasi ndefu yenye ncha, risasi yenye tundu kitakoni, risasi nyembamba iliyovikwa kikombe cha plastiki. Kupenda kujaribu si kosa. Lakini yasikilize mazungumzo yao nawe utasikia maswali mawili tu: je, inapiga mahali pamoja? Je, inapiga kwa nguvu kiasi gani? Swali la kwanza ni la haki. La pili limeazimwa kutoka vitani na porini, na limeletwa katika kambi ya watoto bila mtu kulitazama usoni.

Swali lililo nyuma ya jaribio

Historia ya risasi ni historia ya maswali. Mwaka 1849 ofisa Mfaransa, Claude-Étienne Minié, alitaka kujua jinsi askari awezavyo kushindilia upesi na bado apige mbali. Hapo kabla, bunduki yenye mifereji ya kuzunguka ndani ya mtutu ilitaka gololi iliyobana sana, ikigongwa kwa nguvu mpaka ishuke, na ilichukua muda. Minié alibuni risasi ndefu, nyembamba kidogo kuliko mtutu, yenye tundu kitakoni. Ilishuka bila taabu. Baruti ilipowaka, moshi wake uliutanua ule ukingo wa nyuma ukaishika mifereji. Swali lake lilijibiwa katika vita vya Krimea, na likajibiwa kwa upana zaidi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Risasi ile ya gramu 30 hivi, laini, iliuvunja mfupa vipande vipande, na madaktari wa jeshi walikata mikono na miguu kwa kuwa hawakuwa na cha kuunga.

Katika miaka ya 1890, Theodor Kocher, daktari wa upasuaji wa mji wa Bern, naye alijaribu risasi. Ndiye aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi la shingo. Alipiga katika vyombo vya maji na katika sabuni, akachunguza jinsi risasi inavyopasua. Swali lake lilikuwa jingine: jeraha laweza kupunguzwaje? Aliunga mkono risasi isiyobonyea inapoingia mwilini, ili askari aliyepigwa apate kupona. Mwaka 1899, kule The Hague, mataifa kadhaa yalitangaza kwamba katika vita baina yao hayatatumia risasi zinazotanuka au kubonyea kwa urahisi katika mwili wa binadamu, zile zilizoitwa dum-dum kwa jina la karakana iliyokuwa karibu na Kalkuta. Tangazo hilo halikumgusa mwindaji.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1904, maofisa wawili wa jeshi la Marekani, Thompson na LaGarde, walikwenda kwenye mazizi ya machinjio ya Chicago. Waliwapiga risasi ng'ombe walio hai, wakapiga na maiti za watu. Walitaka kujua ni risasi ipi inayomsimamisha mtu anayekuja mbio, na wakajibu kwamba ya bastola isiwe chini ya inchi 0.45 kwa kipenyo. Kocher na maofisa hao walikuwa na baruti na vipimo vya aina moja. Tofauti yao ilikuwa lile walilolitafuta.

Sisi Waafrika twapaswa kuwa wepesi kulielewa jambo hili, maana tuliwahi kuchaguliwa risasi bila kuulizwa. Kwa Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotangazwa kuwa ni wa kukomesha biashara ya utumwa, mataifa ya Ulaya yalizuia bunduki za mifereji na silaha zote bora zisiingie Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuendelea kuruhusiwa. Mzungu alijiwekea bunduki iliyo sahihi na kumwachia Mwafrika ile ya babu zake. Huenda ndiyo maana gobore bado laishi Tabora na Rukwa, likiundwa na mhunzi kwa kipande cha bomba. Lakini hayo ni mengine.

Bega la mtoto

Turudi kwenye kambi ya vijana. Gololi ya bunduki yenye mtutu wa nusu inchi ina uzito wa gramu 11 na nusu hivi. Risasi ndefu ya mtutu huo huo mara nyingi huwa na uzito maradufu, na nyingine huzidi hapo. Ukiitia baruti kipimo kile kile, bunduki itamrudia mpigaji kwa teke zito zaidi. Ukiongeza baruti ili risasi nzito isafiri vizuri, teke huzidi tena. Mwanamume wa kilo 80 hucheka. Mtoto wa miaka kumi na miwili, mwenye kilo 38, hacheki, wala hasemi kitu, kwa sababu wenzake wamesimama nyuma yake. Afanyalo ni kufumba macho kabla hajafyatua, na kuuvuta mkono. Kila mwalimu wa shabaha aijua hali hiyo, na aijua shida ya kuiondoa ikishaingia.

Sasa tazama mzaha uliopo hapa. Risasi nzito imepigwa na mtoto anayefumba macho; matundu yametapakaa juu ya karatasi; mkubwa anaandika katika daftari kwamba risasi hiyo haina usahihi. Kilichopimwa ni hofu ya mtoto, na jibu limeandikwa kwa jina la risasi.

Kuna na suala la mtutu. Gololi haihitaji kuzungushwa sana ili inyoke. Mitutu iliyotengenezwa kwa ajili yake huizungusha mara moja katika mita moja na robo hadi mita 1.7 hivi. Risasi ndefu yahitaji mzunguko wa haraka zaidi, mara moja katika sentimita 70 au chini ya hapo. Mwingereza Greenhill aliweka hesabu ya jambo hili mwaka 1879. Ukiishindilia risasi ndefu katika mtutu wa gololi, itayumba hewani na kuitoboa karatasi kwa ubavu. Kwa hiyo anayeuliza ni risasi ipi iliyo bora bila kutaja mtutu, hajauliza kitu. Bunduki nyingi za kale na zilizoigwa na za kale zilizo mikononi mwa vijana ni za gololi, nao shabaha zao huwekwa hatua chache, mita 25 au 50. Gololi na baruti kidogo zatosha kabisa. Mwenye kutaka kupima risasi nyingine na aketi yeye mwenyewe, aiegemeze bunduki juu ya meza, apime baruti kwa kipimo kimoja, afute mtutu kati ya mlio na mlio, abadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, tena apige mara nyingi kuliko tatu. Mtoto si chombo cha maabara.

Risasi kwa maana ya pili

Gobore hutaka madini ya risasi yaliyo laini, yasiyochanganywa. Bunduki ya kisasa humpa mtoto ganda la shaba nyeupe alishike, na risasi imekaa kwenye ncha tu. Gobore humpa gololi yenyewe. Kwa kila mlio huishika kwa vidole, huikalisha juu ya kitambaa na kuisukuma kwa kidole gumba. Ipo pia desturi ya wazee ya kukilowanisha kitambaa kwa mate, kikikaa mdomoni hadi gololi iwe tayari. Huonekana kuwa jambo la kuvutia, la kishujaa, la enzi za misitu. Hebu fikiri vidole vile vile vikienda mdomoni mara ishirini katika asubuhi moja, kisha saa sita mkate unagawiwa.

Wengine huwafundisha vijana kuzisubu gololi wenyewe. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327. Tone la maji, hata la jasho, likianguka ndani ya sufuria, madini huruka usoni. Na uchafu wa juu unaoenguliwa kwa kijiko huwa vumbi linalokaa katika nguo hadi nyumbani, alipo mdogo wake anayetambaa sakafuni.

Watasema, babu zetu walizishika risasi miaka mia tano wala hawakufa. Hata petroli yenye risasi tuliambiwa haina neno. Afrika kusini mwa Sahara iliiacha mwaka 2006, na dunia nzima iliacha kuiuza kwa magari mwaka 2021. Marekani yenyewe, mwaka 1985, ilishtuka pale damu ya mtoto ilipokutwa na maikrogramu 25 za risasi kwa desilita. Mwaka 1991 ikashuka hadi 10, mwaka 2012 hadi 5, mwaka 2021 hadi 3.5. Kila walipochunguza zaidi walikuta madhara chini ya kiwango walichokuwa wamekiwekea alama: akili kudumaa, usikivu wa masomo kupungua, hasira zisizo na sababu. Shirika la Afya Duniani lasema wazi kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama. Wasomaji wa Pwani hawahitaji kufundishwa hili. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walizika watu na kwenda mahakamani; mwaka 2020 waliamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya mvutano wa rufani Mahakama ya Juu ya Kenya iliurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Uwanja wa shabaha haufanani na kiwanda kile, nami sisemi kwamba unafanana. Nasema madini ni yale yale, na mwili wa mtoto hauyabagui kwa mahali yalikotoka.

Hapa basi ndipo jaribio lenye maana lilipo. Tangu tarehe 1 Julai 2019 jimbo la California limekataza kuwinda mnyama yeyote kwa risasi za madini ya risasi, nao watengenezaji wameleta za shaba na za bismathi iliyochanganywa na bati, hata kwa magobore. Ni ghali zaidi. Ni ngumu kuliko risasi, haziitiki kwa kitambaa namna ile ile, na bismathi huvunjika kwa urahisi. Haya, na zijaribiwe! Mtu mzima mwenye meza, kipimo na subira atafute gololi isiyo na sumu ambayo baruti kidogo yaweza kuipeleka sawasawa mita 25. Kwa programu za vijana jibu hilo lingekuwa na thamani kuliko mia ya majaribio ya nguvu. Na hadi litakapopatikana, gololi za risasi zisubiwe na wakubwa peke yao, kitambaa kilowanishwe kwa mafuta na wala si kwa mate, maji na sabuni viwepo uwanjani, na pasiwe na chakula mahali pa kupigia.

Iko hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipuuza. Wanasema: kijana huyu kesho atawinda paa, na risasi dhaifu humwacha mnyama akiburuta mguu porini siku mbili, basi risasi yenye nguvu ndiyo yenye huruma. Ni hoja ya mtu mwenye dhamiri. Kanisa halimkatazi mtu kuwinda kwa ajili ya chakula, na hufundisha kwamba kumtesa mnyama pasipo sababu kwaushusha utu wa mwenye kutesa. Lakini hoja hiyo yahusu siku ya kuwinda. Ina sheria zake za kila jimbo, na mtu mzima lazima awe kando. Karatasi iliyo mita 25 haiteseki. Mwalimu anayempa mtoto risasi ya kumwangusha mnyama ili atoboe karatasi, kisha akasema ni kwa ajili ya huruma, amechanganya mambo mawili, na bega linaloumia ni la mtoto. Tena mtoto aliyejifunza kwa teke jepesi bila kufumba macho ndiye atakayemwua mnyama kwa mlio mmoja baadaye. Hilo wawindaji wazee wenyewe watalikiri.

Kwa hiyo fomu ikifika nyumbani, viongozi wa jumuiya wanaosoma Kiingereza wakae na mzazi na kuisoma yote kabla ya sahihi. Mwalimu aulizwe: ni gololi au risasi ndefu? Ina uzito gani, na baruti ni kiasi gani? Nani ameipiga kabla ya mtoto, na mara ngapi? Nani husubu, na wapi? Watoto hunawa mikono wapi kabla ya kula? Mwalimu mwema atafurahi kuulizwa, na wengi wao ni wema. Na mzazi ambaye, kwa yale aliyoyaona Kivu au Bujumbura, hataki kabisa mwanawe aishike bunduki, ana haki ya kuirudisha fomu bila sahihi na bila kueleza sababu. Akiona haya kwenda peke yake, kiongozi wa jumuiya amsindikize siku hiyo.